Niliziba ufa, nikajenga ukuta

Wahenga walinena ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na siwezi kukadiria idadi ya insha nilizosahihisha juu yake. Aghalabu mwanafunzi husimulia kisa cha mtu aliyepuuza jambo dogo hadi likamwangamiza. Mimi leo nina kisa kilicho kinyume. Niliuona ufa, nikauziba mapema, na bado nikalazimika kujenga ukuta. Nakisimulia kwa sababu nusura kiwaue watu wasiokuwa na hatia.

Nyumbani kwangu ni Murang'a, kwenye miinamo ya milima ya Nyandarua. Yeyote anayeijua sehemu hiyo atakubaliana nami kwamba kiwanja tambarare ni adimu. Anayetaka kujenga nyumba hana budi kuukata mlima upande wa juu, audongoe udongo, kisha aumwage upande wa chini ili apate uwanja. Udongo huo uliomwagwa haukai wenyewe. Sharti uwekewe ukuta wa kuuzuia. Nami mwaka 2015 niliujenga ukuta wangu kwa mawe na saruji, wenye kimo cha mita mbili na urefu wa mita kumi na moja. Chini ya ukuta huo, hatua chache tu, palikuwa na jiko la jirani yangu, ajuza aliyekuwa akiwalea wajukuu wake watatu.

Fundi aliyenijengea alikuwa hodari wa kupanga mawe. Ukuta ulinyooka, ukapendeza. Lakini nyuma yake alirudisha ule ule udongo mwekundu uliochimbwa, na vitundu vya kutolea maji alivyoacha vilikuwa vitatu tu. Sikumwuliza chochote. Niliamini kwamba kazi ya ukuta ni kuwa na nguvu, basi.

Mvua za vuli za mwaka 2017 ziliponyesha, ufa ulijitokeza katikati ya ukuta. Maji yenye matope yakawa yanatiririka kutoka katika ufa huo na katika vile vitundu, yakielekea mlangoni mwa jiko la jirani. Nyanya alikuja kunilalamikia kwa upole, akasema, "Mwalimu, maji yako yanazima moto wangu." Niliona haya. Siku ya pili yake nilinunua saruji, nikauziba ufa, na ili kumridhisha kabisa nikaviziba na vile vitundu vitatu. Maji yakakoma. Nyanya akanishukuru, nami nikajisifu moyoni kwamba nimeitenda methali badala ya kuifundisha tu.

Usiku mmoja wa Aprili mwaka 2018, masika yalipokuwa yamepamba moto, nilisikia mshindo uliotikisa madirisha. Nilipotoka na taa niliona kwamba nusu ya ukuta haipo. Mawe na udongo vilikuwa vimelifunika jiko lote. Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa humo walikufa. Nyanya na wajukuu wake walikuwa wamelala katika nyumba kubwa ng'ambo ya uwanja, nao Mungu aliwanusuru. Saa tatu kabla ya hapo, watoto hao walikuwa wameketi kwenye mafiga wakila chakula cha jioni. Ajuza yule hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, leo tungekuwa tunachimba makaburi." Maneno hayo sijayasahau.

Baadaye nilimwendea mhandisi mmoja ili nipate kujua kosa langu. Alinieleza kwa hesabu ambazo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuzifuata. Udongo mkavu, hususan wa mchanga, hausukumi ukuta kwa uzito wake wote. Chembe zake hushikana na kuegemeana, kwa hiyo takriban theluthi moja tu ya uzito huo hugeuka kuwa msukumo wa kuuelekea ukuta. Maji hayana tabia hiyo. Yenyewe husukuma pande zote kwa kadiri ya kina chake, bila kupunguza chochote. Hivyo basi, ukuta wa mita mbili unaozuia mchanga mkavu hubeba msukumo wa kiasi cha tani 1.2 kwa kila mita moja ya urefu wake. Maji yakijaa nyuma yake hadi juu, msukumo huo hufika tani 2.5 hivi. Ukuta ni ule ule, udongo ni ule ule, lakini mzigo umezidi maradufu.

Fauka ya hayo, kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta huongezeka mara nane. Ndiyo sababu ukuta wa mita moja unaweza kumsamehe fundi makosa mengi, ilhali ule wa mita mbili haumsamehi. Maarifa haya si mapya. Coulomb, mhandisi wa Kifaransa, aliieleza nadharia ya msukumo wa udongo mwaka 1773, na Rankine wa Uskoti akaiendeleza mwaka 1857. Yamekuwapo muda wote huo, nami mwalimu sikuyatafuta.

Kwa hivyo ule ufa haukuwa adui yangu. Ufa ulikuwa mdomo, na ukuta ulikuwa unanieleza kwamba nyuma yake kuna maji yasiyokuwa na pa kupitia. Mimi niliuziba mdomo huo kwa saruji, nikadhani nimetibu ugonjwa.

Ukuta wa pili niliujenga kwa namna nyingine. Kwanza niliomba idhini ya kaunti na kumlipa mhandisi achore ramani. Msingi tuliuteremsha hadi kwenye udongo mgumu ambao haukuwa umewahi kuchimbwa. Upana wa kitako ulizidi nusu ya kimo, na uso wa ukuta ukalazwa kidogo kuelekea mlimani. Nyuma yake hatukurudisha udongo mwekundu, maana udongo wa mfinyanzi hunywa maji na kuyashikilia. Tulijaza kokoto kwa unene wa sentimita 30, tukaweka kitambaa cha kuchujia kati ya kokoto na udongo ili matope yasipenye. Mabomba ya plastiki yalipitishwa ukutani kila baada ya mita moja na nusu, yakiinama kwa nje. Chini ya mabomba hayo tulichimba mtaro uliosakafiwa, unaoyachukua maji hadi bondeni bila kupita mlangoni mwa mtu. Hilo ndilo lililokuwa jibu halali la malalamiko ya Nyanya. Alichotaka ni maji yaelekezwe kwingine. Mimi niliyafungia ndani.

Kujenga ni nusu ya kazi. Kila Machi na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, mimi huzungukia ukuta huo. Huyazibua mabomba kwa fito, huondoa majani mtaroni, na hutazama iwapo maji ya paa yanaingia katika mapipa au yanamwagika nyuma ya ukuta. Huning'iniza timazi kuona kama ukuta umeanza kuinama. Nikiona ufa, huweka alama ya kalamu kwenye ncha zake na kuandika tarehe, ili nijue kama unakua. Maji safi yakitoka katika mabomba mimi hufurahi. Yakitoka yenye matope huwa na wasiwasi, kwani ni dalili kwamba udongo unahama. Tena sipandi miti mikubwa karibu na ukingo, wala siweki tangi la maji au kuegesha gari pale juu.

Nasi hatukosi mifano ya kuigwa. Wakulima wa Machakos wanajulikana kwa matuta ya "fanya juu," ambayo huchimbwa mtaro na udongo wake kutupwa upande wa juu, kisha nyasi zikapandwa ili kuushika. Hekima yake ni kuyapunguzia maji kasi na kuyaelekeza, si kushindana nayo. Hata hivyo, nisije nikampotosha mtu. Ukuta wa nyumbani hauwezi kuuzuia mlima mzima unapoporomoka. Maporomoko ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019 yaliwaua watu zaidi ya 40, na mahali pa namna ile dawa ni kuhama mapema.

Walimu wenzangu, shule nyingi za sehemu za milimani zimejengwa juu ya viwanja vilivyokatwa kama changu. Nyuma ya madarasa na vyoo kuna kuta za aina hii, na watoto hucheza chini yake kila siku. Watoeni wanafunzi darasani kwa kipindi kimoja. Wahesabu vitundu, wapime kimo, watazame ni vingapi vimezibwa kwa udongo au kwa saruji ya mtu aliyetaka ukuta upendeze. Hapo watajifunza fizikia, hesabu na uraia kwa pamoja, na pengine watayaokoa maisha yao wenyewe.

Ama kuhusu methali, sina ugomvi na wahenga. Wao hawakusema tupake saruji na kwenda zetu. Kosa ni letu sisi tunaozikariri methali bila kuzichunguza, na kuwapa wanafunzi alama kwa kuzirudia. Jirani yangu nilimjengea jiko jipya na kumlipa mbuzi wake, lakini najua fika kwamba wale watoto watatu nisingeweza kuwalipa. Basi, ewe msomaji, ukiuona ufa usichelewe kuushughulikia. Lakini kabla hujaikoroga saruji, uulize kwanza: kuna nini nyuma yako kinachotafuta njia ya kutoka?