Jiwe Lisiloonekana Kwenye Eksirei

Maumivu yanaanzia ubavuni kwa nyuma na kuteremka hadi kinena. Mgonjwa hatulii: akilala anaamka, akikaa anasimama, anatapika, na mkojo una rangi ya chai kavu. Anapigwa eksirei, picha inatoka safi. Hapo ndipo wengi huambiwa ni misuli, au UTI, wakarudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu.

Picha hiyo safi inaweza kudanganya. Mawe mengi ya figo yana kalsiamu, nayo huzuia mionzi, kwa hiyo hutokea kama doa jeupe. Jiwe la asidi ya yuriki halina kitu hicho. Mionzi hupita tu. Ili lionekane kunahitajika ultrasaundi au, kwa uhakika zaidi, CT-Scan. Jiwe likitoka lenyewe lisitupwe chooni. Lichujwe kwa kitambaa, lipelekwe maabara, kwa sababu tiba hutegemea limeumbwa na nini.

Lawama ya kwanza huiangukia nyama. Ni kweli, supu ya utumbo, maini, nyama choma, dagaa na bia huongeza asidi ya yuriki mwilini. Lakini wengi wenye mawe haya hawana asidi hiyo kwa wingi wa kutisha kwenye mkojo. Walicho nacho ni mkojo mkali mno, wenye pH chini ya 5.5, na katika ukali huo asidi ya yuriki huganda kuwa chembe. Mkojo wenye pH ya 7 huyeyusha zaidi ya mara kumi ya kile kinachoyeyushwa na wenye pH ya 5.

Ukali huo unatoka wapi? Kwa mwenye kitambi au kisukari cha aina ya pili, figo hushindwa kutengeneza amonia ya kutosha kuupoza. Mwenye kuhara kwa muda mrefu hupoteza maji pamoja na baikaboneti. Na yupo dereva wa basi anayekwepa maji makusudi ili asisimamishe gari njiani. Mkojo wake huwa mchache na mzito. Wenye jongo nao wamo kwenye hatari hii.

Habari njema, ambayo kwa maoni yangu haisemwi vya kutosha, ni kwamba jiwe hili mara nyingi huyeyuka kwa dawa. Daktari huandika sitreti ya potasiamu au baikaboneti ya sodiamu, na mgonjwa hujipima nyumbani. Kijiti cha kupimia mkojo kikibaki na rangi ya chungwa, mkojo bado mkali. Kikielekea kijani, dawa inafanya kazi. Shabaha ni pH kati ya 6.5 na 7. Kupitiliza hapo hualika mawe ya aina nyingine, ya fosfeti ya kalsiamu. Kuliyeyusha jiwe huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na picha hurudiwa kuona kama jiwe linapungua.

Alopurinoli, dawa iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobel mwaka 1988, ina nafasi yake kwa mwenye jongo au asidi nyingi. Ila kumpa mgonjwa hiyo peke yake na kuuacha mkojo ukiwa mkali ni kuacha nusu ya kazi.

Wapo wanaokoroga soda ya kuokea jikoni na kunywa. Wasifanye hivyo bila daktari: sodiamu humdhuru mwenye presha au moyo dhaifu, na potasiamu iliyomo kwenye ile sitreti huweza kumuua mwenye figo zilizochoka.

Kinga ni maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na mengine kidogo kabla ya kulala. Anayetoka jasho juani anywe zaidi. Mboga na matunda hupunguza ukali wa mkojo. Maharage yanaonewa bure; wanaoyakimbia huku wakiendelea na maini wamekosea adui.

Tahadhari moja haina mjadala. Maumivu ya ubavu yakija na homa au kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, usingoje kuyeyusha chochote. Njia imeziba, na huenda figo imeshapata maambukizi. Hapo mgonjwa huhitaji kufunguliwa njia ya mkojo haraka, hata kama ni usiku wa manane.