Maradhi Yanayofichwa: Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa

Yako maradhi ambayo mtu huyataja barazani bila ya wasiwasi: homa, mafua, jino, mgongo. Na yako mengine ambayo huyaficha hata kwa mwenzake wa nyumbani, akayavumilia miezi na miaka, akajitibu kwa siri kwa dawa asizozijua. Mojawapo ni mpasuko katika njia ya haja kubwa. Tumeona yafaa tuyaeleze maradhi haya, kwani huwapata wakubwa na wadogo, waume kwa wake, na sehemu kubwa ya kinga yake imo katika majiko yetu na vyoo vyetu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona si adabu kuyataja mambo haya mbele ya watoto. Twawaomba wakumbuke kwamba vitabu vya fiqhi tunavyowasomesha vijana huanza na mlango wa tohara, na humo mtoto mdogo hufundishwa istinja waziwazi. Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Naye Mtume s.a.w. aliwaamrisha watu wajitibu. Haya ni katika imani, walakini haya imwachayo mtu akitoka damu asimwambie tabibu si ile tuliyoamrishwa.

Khabari ya mtoto mmoja

Sisi tunasomesha watoto chuoni, na jambo hili tulifundishwa na mtoto. Tulikuwa tumeweka kanuni kwamba hatoki mtu mpaka somo lishe, kwa kuwa tuliona wengi wakiomba ruhusa ya kwenda chooni ili wakacheze. Kijana mmoja, mwenye umri wa miaka saba hivi, alikuwa akiomba ruhusa kila asubuhi, nasi kila asubuhi tukimwambia angoje. Baada ya siku nyingi akaacha kuomba. Tukafurahi, tukadhani ametulia. Kisha tukamwona hakai vema mkekani: huegemea upande mmoja, hukaza miguu, hutoka jasho. Tukamkemea kwa kukosa adabu mbele ya msahafu.

Siku moja mamake akaja, akasimama mlangoni. "Maalim," akasema, "nimekuja kumwombea radhi mwanangu. Si mtovu wa adabu. Leo siku ya nne hajapata choo, na akienda hulia hata majirani wakasikia. Jana nimeona damu."

Tukamwuliza kwa nini mtoto hendi chooni mapema. Akainamisha kichwa, akasema, "Anasema hapa haruhusiwi, na akifika nyumbani huogopa."

Alipelekwa zahanati, na daktari akafahamisha yaliyopita. Mtoto alizuia haja, choo kikakaa tumboni kikakauka, kilipotoka kikampasua. Kwa kuogopa maumivu yale akazuia zaidi, na choo kikazidi kuwa kigumu. Basi sisi tulirejea nyumbani tukiwa tumefedheheka. Mtume s.a.w. alikataza mtu kusali hali ya kuwa anazuia haja, na hadithi hiyo tulikuwa tukiisomesha kila mwaka. Ikiwa sala yenyewe hungojewa mpaka mtu ajisaidie, somo letu ni nini hata lisingojewe? Tulimwomba radhi mama yule, tukamwomba radhi na mtoto mbele ya wenziwe, na kanuni ile tukaifuta siku ile ile.

Mpasuko ni kitu gani

Mpasuko huu ni mchaniko mdogo wa ngozi laini iliyo mwishoni mwa njia ya haja kubwa. Mara nyingi hutokea upande wa nyuma, katikati. Kwa wanawake, hasa waliozaa, waweza kutokea pia upande wa mbele. Sababu iliyo kubwa ni choo kigumu na kujikamua. Kuharisha kwa muda mrefu nako kwaweza kuuleta, na vilevile uzazi.

Alama zake ni mbili. Ya kwanza ni maumivu makali kama ya kukatwa na wembe wakati wa kujisaidia, kisha huja kuunguza kuwezako kudumu dakika chache au saa nyingi. Ya pili ni damu kidogo nyekundu, inayoonekana juu ya choo au katika maji ya kutawadhia.

Wengi wakiona damu husema mara moja, "Ni bawasiri," wakaanza kunywa mizizi. Bawasiri ni mishipa iliyovimba, na ile ya ndani aghalabu hutoa damu bila ya maumivu. Mpasuko ndio umfanyao mtu aogope choo. Lakini mtu asijihukumie mwenyewe. Amwendee daktari amtazame, na kazi hiyo huwa ya muda mfupi.

Ajabu ya jeraha hili ni kwamba ni dogo na hali huweza kukawia kupona. Chini ya ngozi hiyo uko msuli wa mviringo unaofunga njia. Jeraha likiuma, msuli hukaza wenyewe, mtu asiweze kuulegeza kwa kutaka kwake. Ukikaza, damu ya kuponyesha haifiki vema kwenye jeraha. Ndipo jeraha likabaki, likauma, na msuli ukazidi kukaza. Likipita majuma sita hadi manane huhesabiwa kuwa ni sugu, na pengine hutokeza kinyama kidogo kando yake.

Kinga imo jikoni

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi miaka mingi Uganda, akayaangalia sana maakuli ya watu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wao: choo cha siku moja cha wanavijiji wa Uganda kilikuwa na uzito zaidi ya mara nne kuliko cha mabaharia wa Uingereza, na chakula chao kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi, hali cha wale wengine kilichukua zaidi ya siku tatu. Wanavijiji walikula vyakula vyenye makapi na nyuzinyuzi. Mabaharia walikula vilivyokobolewa.

Leo twatazama sahani zetu, twaona tumewafuata mabaharia. Asubuhi mkate mweupe, mchana wali mweupe au sembe, usiku chapati. Mboga ni kijiko kimoja pembeni, na matunda ni ya wageni. Mtu mzima hushauriwa apate gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Hazina haja ya duka la mbali: zimo katika dona, mtama, kunde, choroko, mbaazi, maharage, mchicha, kisamvu, matembele, papai, embe, chungwa na tende. Aanzaye na azidishe kidogo kidogo, anywe na maji ya kutosha, kwani makapi bila ya maji hujaza tumbo upepo na huweza kuzidisha taabu.

La pili ni kuitika wito wa tumbo. Baada ya kula matumbo huamka. Basi mtoto azoeshwe kwenda chooni baada ya chakula, dakika tano hadi kumi, bila ya kuharakishwa wala kukaripiwa. Wazee wetu waliochuchumaa hawakukosea: mkao huo huinyoosha njia na kupunguza kujikamua. Mwenye choo cha kukalia aweke kibao chini ya miguu, magoti yapande juu kuliko nyonga. Wala asikae humo nusu saa na simu mkononi.

La tatu ni dawa. Vidonge vya damu wapewavyo kina mama wajawazito, na baadhi ya dawa kali za maumivu, hukausha choo. Mama asiviache vidonge hivyo kwa shauri lake. Amwambie mkunga, ashauriwe.

Matibabu

Mipasuko mingi mipya hupona kwa majuma machache bila ya kisu, maadamu choo kimelainika. Mgonjwa akae katika beseni la maji ya vuguvugu, yasiyochoma, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kujisaidia. Maji hayo huulegeza msuli. Atawadhe kwa maji taratibu, aache sabuni kali, ajikaushe kwa kitambaa laini bila ya kusugua. Daktari aweza kumpa dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi.

Isipopona, iko dawa ya kupaka ya gliserili trinitreti au ya diltiazemu, ambayo huulegeza msuli na kuleta damu penye jeraha. Hutumiwa kwa majuma sita hadi manane kwa amri ya daktari. Ile ya kwanza huwaumiza wengi kichwa. Iko pia sindano ya botulini ya kulegeza msuli.

Jeraha sugu lisilosikia dawa hufanyiwa upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli ule wa ndani. Daktari Stephen Eisenhammer wa Johannesburg aliueleza upasuaji wa msuli huo mwaka 1951, na mwaka 1969 Daktari Notaras wa London akaeleza njia ya kuukata kando, ambayo ni bora zaidi. Zaidi ya watu tisa katika kumi hupona kwa njia hiyo. Hatari yake ni kwamba wachache huweza kushindwa kuzuia upepo au choo, na kwa ajili hiyo hutanguliwa na dawa.

Twawakanya wasomaji wasitie ugoro, pilipili, ndimu wala dawa za vichupa visivyo na jina mahali hapo. Na mtu afanye haraka hospitali akiona damu nyingi au nyeusi, usaha, homa, kukonda bila ya sababu, mipasuko mingi, au damu kumjia akiwa na umri wa miaka 45 na kupita. Huenda pana maradhi mengine yaliyo makubwa.

Mgonjwa na mfungo

Katika mwezi wa Ramadhani taabu hii huwazidi wengi, kwa kuwa mchana hapana maji na futari yetu ni vya kukaanga na vya unga. Mgonjwa na anywe maji kidogo kidogo tangu futari hata daku, na aanze na matunda. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kutia kitu ndani ya njia hiyo mchana hubatilisha saumu. Basi na amwulize daktari kama dawa yake yaweza kutumiwa usiku. Daktari mwaminifu akisema kungoja kutamdhuru, Mola amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, naye atalipa siku nyingine. Na damu itokayo katika njia hiyo hutengua udhu, basi aioshe kisha atawadhe.

Yule kijana wetu alipona baada ya miezi miwili hivi. Mamake alibadili mkate wa asubuhi kwa uji wa mtama na papai, na dawa ya kulainisha choo hakuiacha mpaka daktari alipomwambia, kwani watoto wengi hurudi nyuma kwa kuiacha mapema. Sasa akitaka kutoka huinua mkono tu, akaenda, akarudi, akaendelea na sura yake. Wako watakaosema kuwa baadhi ya wenziwe hutoka ili wakacheze. Na wacheze, twaona hasara hiyo ni nyepesi kuliko ile tuliyoiona.

Enyi wazazi, waulizeni watoto wenu juu ya choo kama mnavyowauliza juu ya chakula. Nanyi walimu wenzetu, mlango wa chooni usifungwe kwa ufunguo wa somo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wapole kwa wanyonge walio mikononi mwetu. Amin.