Kujifunza kwa Mwili wa Mwenzako: Elimu ya Fiziotherapia Katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Fiziotherapia ni tiba inayotumia mazoezi, mikono na mwendo wa mwili wenyewe kumrudishia mtu uwezo alioupoteza kwa ajali, kiharusi, upasuaji, uzee au maradhi aliyozaliwa nayo. Mitaani huitwa mazoezi ya viungo, na wengi hudhani ni kukandwa tu. Katika vyuo vikuu vya Marekani ni somo la ngazi ya udaktari: mwanafunzi huingia akiwa na shahada ya kwanza mkononi, husoma takriban miaka 3, kisha hutoka akiitwa Daktari wa Fiziotherapia. Udaktari huo hauna kisu, na haumfanyi mtu daktari wa hospitali kwa maana iliyozoeleka. Vifaa vyake ni kitanda, mkanda wa kumshikia mgonjwa, kipimo cha pembe za viungo na macho yaliyofundishwa kutazama mtu anavyotembea.

Taaluma yenyewe ilikuzwa na vita na polio. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jeshi la Marekani liliwahitaji watu wa kuwarudisha kazini askari waliovunjika mifupa, na wanawake wakafunzwa upesi upesi katika shule kama Chuo cha Reed, Portland. Mmoja wa walimu wao, Mary McMillan, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha taaluma hiyo kilichoanzishwa mwaka 1921. Kwa upande wa polio, daktari Robert Lovett wa Boston na msaidizi wake Wilhelmine Wright walibuni njia ya kupima nguvu ya msuli mmoja mmoja kwa mkono, bila mashine yoyote. Kutokana na kazi hiyo kikakua kipimo cha 0 hadi 5 kinachotumika hadi leo: 0 ni msuli usiotikisika kabisa, 3 ni ule unaoweza kunyanyua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe, na 5 ni ule unaoshindana na mkono wa mpimaji bila kulegea.

Cheo cha udaktari kilikuja baadaye sana. Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, kilitangulia mwaka 1993 kuwapokea wanaoanza taaluma kwa shahada hiyo, na vingine vikafuata hadi ikawa ndiyo njia pekee ya kuingilia kazi hii nchini humo. Wapo wanaohoji faida yake, na hoja yao ina uzito. Ada ni kubwa na wahitimu wengi huanza kazi wakiwa na deni la miaka. Tena, katika Tanzania na Kenya, ambako mtu huingia kazini kwa stashahada au shahada ya kwanza, mgonjwa anayefundishwa kupanda ngazi upya hana goti la namna nyingine.

Mwaka wa kwanza huanza na maiti. Katika vyuo vingi wanafunzi hugawanywa vikundi vidogo, kila kikundi kikakabidhiwa mwili wa mtu aliyeutoa kwa hiari kabla ya kufa, na kwa wiki kadhaa hufunua tabaka moja baada ya jingine: ngozi, mafuta, misuli, kano, mishipa ya fahamu. Vyuo kadhaa hufanya ibada fupi ya shukrani mwishoni na kuzialika familia za waliojitolea.

Maiti, hata hivyo, haina maumivu wala haicheki ikitekenywa. Kwa hiyo darasa la pili ni mwili wa mwenzako. Katika chumba cha mazoezi wanafunzi huja na kaptura na fulana za mikono mifupi, hulala wawili wawili kwa zamu juu ya vitanda, na mmoja humchora mwenzake kwa kalamu ya wino unaofutika: hapa mtulinga, hapa ukingo wa fupa la bega, hapa kilegesambwa, hapa pingili ya 4 ya kiuno. Kuipata pingili hiyo ni kazi. Mwanafunzi huweka viganja juu ya nyonga za mwenzake, hukutanisha vidole gumba katikati ya mgongo, kisha huhesabu kwa kupapasa. Mara ya kwanza hukosea pingili nzima. Mwalimu hupita, hugusa, husogeza kidole cha mwanafunzi sentimita 2 bila kusema neno, na mwanafunzi huhisi tofauti. Hapo kitabu huwa hakisaidii sana.

Katika utaratibu huo kasoro za mwili huwa mali. Aliyewahi kupasuliwa goti kwa sababu ya mpira hugombewa, maana goti lake lina kovu la kupapasa na mkunjo usiofika mwisho. Mwenye viungo vilegevu huitwa kila kitanda. Wanafunzi pia hufundishwa kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kueleza watakachofanya na kufunika sehemu isiyohitaji kuonekana, na hufundishwa hayo wakiwa wao ndio wanaoguswa. Kundi linaloingia pamoja husoma pamoja mwanzo hadi mwisho, saa nyingi kila siku, na watu waliopimana nyonga hawabaki wageni kwa muda mrefu. Urafiki wa vyuo hivi huanzia kitandani pale, na ugomvi pia.

Mtihani wa vitendo una kanuni moja inayotisha kuliko maswali yote. Mwanafunzi huokota karatasi yenye maelezo ya mgonjwa, kisha humhudumia mwigizaji mbele ya mtahini. Anaweza kueleza vizuri, akapima sawasawa, akachagua zoezi linalofaa. Lakini akisahau kufunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumsimamisha mgonjwa, katika vyuo vingi amefeli hapo hapo na atarudia mtihani wote. Breki ikisahauliwa hospitalini, mzee huanguka na nyonga huvunjika.

Baada ya darasa huja mafunzo ya kazini, yasiyopungua wiki 30 za kutwa nzima, katika hospitali, kliniki za mitaani na nyumba za kutunzia wazee, chini ya uangalizi wa mtaalamu mwenye leseni. Mwisho ni mtihani wa taifa. Bila kuufaulu hakuna jimbo litakalompa mtu leseni.

Utafiti nao ni sehemu ya maisha ya idara hizi, na mfano mzuri umetoka Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Mtu aliyepigwa na kiharusi upande mmoja hugundua mapema kwamba mkono mzima unamaliza kazi upesi. Akijaribu kushika kikombe kwa mkono uliodhoofika, kikombe huanguka. Kesho yake hajaribu. Miezi ikipita, ubongo huzoea kuuacha mkono ule, hata kama nguvu kidogo imesharudi. Mwanasaikolojia Edward Taub, aliyefanya majaribio kwa nyani, aliiita hali hiyo kujifunza kutotumia. Tiba yake ina ukali wa bibi anayemlazimisha mtoto kula: mkono mzima unavalishwa glavu nene isiyoshika kitu, na ule dhaifu unabaki bila wa kumtegea.

Steven Wolf, mtaalamu wa fiziotherapia na profesa wa Emory, aliongoza jaribio la kuipima tiba hiyo katika vituo 7. Watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi jingine lilivaa glavu asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki 2, na siku za kazi lilifanya mazoezi ya hadi saa 6 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: baada ya mwaka mmoja, kundi la glavu lilitumia mkono dhaifu upesi zaidi na vizuri zaidi. Tiba hii haimfai kila mtu, kwani anahitaji kuweza angalau kuinua kifundo cha mkono na vidole kidogo; aliyelegea kabisa hana pa kuanzia. Tena saa 6 za mtaalamu kwa mgonjwa mmoja ni anasa ambayo kliniki chache zinaimudu. Miaka 10 kabla, mwaka 1996, Wolf na wenzake walikuwa wameonyesha kitu cha bei nafuu zaidi: miongoni mwa wazee 200 wa Atlanta, waliofanya mazoezi ya taratibu ya Kichina, tai chi, kwa wiki 15 walipunguza hatari ya kuanguka tena na tena kwa asilimia 47.5.

Ugunduzi wa namna hiyo haumfikii asiye na bima. Bima nyingi za Marekani huweka ukomo wa mahudhurio, na mgonjwa wa kiharusi huweza kuambiwa zamu zake zimekwisha wakati ndiyo kwanza anaanza kusimama. Katika mji wa Chester, Pennsylvania, uliokuwa na viwanda vya meli kabla ya ajira kukauka, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Widener walifungua mwaka 2009 kliniki ya bure kwa watu wa aina hiyo. Wanafunzi ndio wanaoiendesha: wao hupanga miadi, hutafuta fedha, hutunza mafaili na kuhudumia, huku mtaalamu mwenye leseni akisimama pembeni kuangalia na kutia saini. Wa mwaka wa juu hufanya kazi pamoja na wa mwaka wa chini, na wanapohitimu huwakabidhi wadogo wao mafaili na wagonjwa wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa wa muda mrefu hubadilishiwa mikono kila mwaka, na huwaeleza wapya pale panapouma kabla hawajafungua faili.