Mtaka cha Mvunguni: Timu Inayoyumba Ijijenge Upya au Iendelee Kushindana?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hao hao walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ya kwanza inamhimiza mtu akubali kudhilika leo ili apate kesho. Ya pili inamtahadharisha asikitupe kilicho mkononi kwa kukitamani kilicho mbali. Ni nadra mkinzano wa methali hizi kudhihirika waziwazi kama unavyodhihirika katika ofisi ya meneja wa timu ya mpira wa vikapu ya kulipwa ambayo haifi wala haiponi.

Makala haya yananuia kuchunguza suala hilo kwa kuirejelea ligi ya NBA ya Marekani. Timu inayoyumba ina njia mbili. Yaweza kuwauza wachezaji wake mahiri, ikubali kushindwa kwa miaka kadhaa na kuanza upya na chipukizi. Yaweza pia kushikilia kikosi ilicho nacho, ikikiongezea nguvu hapa na pale, kwa matumaini ya kufika awamu ya mchujo. Je, ipi ndiyo njia ya busara?

Chanzo cha kishawishi

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, wazo la kwamba timu yaweza kunufaika kwa kushindwa ni kinaya. Katika ligi nyingi za kandanda, anayeburura mkia hushushwa daraja. NBA haina adhabu hiyo. Timu zake 30 hubaki humo mwaka baada ya mwaka, na badala ya kuadhibiwa, timu dhaifu hupewa fursa ya kuwateua mapema wachezaji chipukizi wanaoingia ligini. Nia ya utaratibu huu ni njema: mnyonge ainuliwe ili ushindani usawazike. Aidha, ligi huweka kikomo cha mishahara, hivyo kwamba hata mmiliki tajiri hawezi kununua nyota wote apendavyo. Kwa hiyo, kwa miji ambayo nyota huru hawavutiwi nayo, uteuzi wa chipukizi ndio mlango mkuu wa kumpata mchezaji wa kubadilisha historia.

Hata hivyo, tuzo ikiwekwa mbele ya anayeshindwa, watatokea wa kuitafuta. Hadi mwaka 1984, nafasi ya kwanza ya uteuzi iliamuliwa kwa kurusha sarafu baina ya timu dhaifu kabisa za kanda mbili za ligi. Houston Rockets walipata nafasi hiyo mwaka 1983 na tena mwaka 1984, walipomteua Hakeem Olajuwon, mzawa wa Lagos, Nigeria. Kulizuka shutuma kwamba hawakuwa wamejitahidi kushinda. Mwaka 1985 ligi ikaanzisha bahati nasibu. Kanuni zake zimerekebishwa mara kadhaa, na kuanzia mwaka 2019 timu tatu za mwisho ziligawiwa uwezekano sawa wa asilimia 14 wa kupata nafasi ya kwanza. Awali, timu ya mwisho pekee ilikuwa na asilimia 25. Chini ya kanuni hizo za mwaka 2019, timu ya mwisho ilikuwa na uwezekano wa karibu nusu wa kuteremka hadi nafasi ya tano.

Jambo hilo si la nadharia tu. Detroit Pistons walimaliza wa mwisho mwaka 2023 na tena mwaka 2024, na mara zote mbili wakaangukia nafasi ya tano. Kwa upande mwingine, Dallas Mavericks walipata nafasi ya kwanza mwaka 2025 wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 pekee, wakamteua Cooper Flagg. Ni bayana kwamba anayeinama hupapasa gizani. Huenda akakishika alichokitaka, na huenda akaambulia vumbi.

Philadelphia na gharama ya kuinama

Hakuna timu iliyowahi kuinama kwa makusudi ya wazi kama Philadelphia 76ers. Mwaka 2013 meneja mkuu mpya, Sam Hinkie, alimtoa Jrue Holiday, mchezaji kijana aliyekuwa ametoka kushiriki mechi ya nyota, ili apate chipukizi aliyejeruhiwa na haki ya uteuzi ya baadaye. Misimu mitatu iliyofuata timu ilishinda mechi 19, kisha 18, kisha 10, kati ya mechi 82 za kila msimu. Kwa jumla ilishinda mechi 47 na kupoteza 199.

Je, ilivuna nini? Mwaka 2014 ilimpata Joel Embiid wa Kameruni, ambaye baadaye, mwaka 2023, alitawazwa mchezaji bora wa msimu. Hilo si jambo dogo. Lakini Embiid alikosa misimu yake miwili ya kwanza kwa jeraha la mguu. Markelle Fultz, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2017, hakuwahi kufikia kiwango kilichotarajiwa. Hinkie mwenyewe alijiuzulu Aprili 2016, kabla ya kuyaona matunda ya mti alioupanda. Timu ilirejea katika mchujo mwaka 2018 baada ya kushinda mechi 52, ila hadi mwisho wa msimu wa 2024-25 haikuwa imevuka raundi ya pili. Mwaka 2019 ilizuiwa na mpira wa Kawhi Leonard wa Toronto uliodunda mara nne juu ya pete kabla ya kutumbukia kikapuni sekunde za mwisho za mechi ya saba.

Funzo la Philadelphia si kwamba kujijenga upya ni upumbavu. Funzo ni kwamba kushindwa hununua nafasi tu. Afya ya mchezaji, ustadi wa kumlea na uamuzi wa kumzungushia wenzake wanaofaa havinunuliwi kwa mechi zilizopotezwa.

Chicago na gharama ya kusimama

Ikiwa Philadelphia iliinama kupita kiasi, Chicago Bulls walikataa kuinama. Mwaka 2021 walijikusanyia wachezaji waliokomaa: Nikola Vučević, DeMar DeRozan na Lonzo Ball, wakaungana na Zach LaVine. Ili kumpata Vučević, walitoa haki mbili za uteuzi wa raundi ya kwanza. Moja kati ya hizo iliwapa Orlando Magic mchezaji Franz Wagner, ambaye amekuwa nguzo ya timu hiyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Katika msimu wa 2021-22 Bulls walishinda mechi 46. Hata hivyo, Ball aliumia goti Januari 2022 na hakucheza tena hadi Oktoba 2024. Hapo ndipo swali la makala haya lilipowakabili viongozi wa timu: wavunje au waendelee? Waliendelea. Walishinda mechi 40, kisha 39, kisha 39. Miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, waliingia katika mechi za awali za kuwania nafasi ya mchujo, na mara zote tatu Miami Heat wakawafungia mlango.

Timu ya namna hii haina uwezo wa kutwaa ubingwa, wala haiko chini kiasi cha kupata chipukizi wa kwanza. Wakati huohuo umri wa nyota wake unasonga na thamani yao sokoni inapungua. DeRozan alipoondoka mwaka 2024 na LaVine Februari 2025, kilichopatikana kwa kubadilishana nao kilikuwa kidogo kuliko ambacho huenda kingepatikana mapema. Bandu bandu huisha gogo.

Hata hivyo, haki itendeke katika hukumu hii. Kuwa katikati si kosa kwa dhati yake. Milwaukee Bucks walimaliza msimu wa 2012-13 wakiwa na ushindi 38 tu, wa nane katika ukanda wao. Katika uteuzi wa mwaka huo walimchukua katika nafasi ya 15 kijana mwembamba kutoka Ugiriki, mwana wa wahamiaji wa Nigeria, Giannis Antetokounmpo. Mwaka 2021 aliwapa ubingwa. Denver Nuggets nao walimteua Nikola Jokić katika nafasi ya 41 mwaka 2014, wakatwaa ubingwa mwaka 2023. Lulu yaweza kuokotwa popote na mwenye jicho la kuitambua.

Fainali ya njia mbili

Mwaka 2025 fainali ya NBA ilizikutanisha njia hizi mbili ana kwa ana: Oklahoma City Thunder waliojijenga upya, na Indiana Pacers walioendelea kushindana.

Thunder walianza kuvunja kikosi Julai 2019. Walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers, wakapokea kijana Shai Gilgeous-Alexander pamoja na haki tano za uteuzi wa raundi ya kwanza. Kisha walimtoa Russell Westbrook. Walivumilia misimu miwili ya dhiki, wakishinda mechi 22 na 24. Desemba 2021 walifungwa na Memphis Grizzlies kwa pointi 152 kwa 79, kichapo kikubwa zaidi katika historia ya ligi. Lakini tofauti yao na Philadelphia ni kubwa. Hawakuanza na mikono mitupu: tayari walikuwa na Gilgeous-Alexander, nyota aliyekuwa akikomaa. Aidha, hawakutegemea kushindwa kwao pekee, bali walikuwa na haki za uteuzi za timu nyingine. Jalen Williams, aliyeteuliwa wa 12 mwaka 2022, alipatikana kwa haki iliyotoka kwa Clippers. Walipoona kikosi kimeiva, waliacha kukusanya chipukizi wakatafuta wazoefu. Juni 2024 walimpata mlinzi hodari Alex Caruso, na aliyewapa Caruso ni Chicago Bulls.

Pacers nao hawakuwahi kuitupa misimu kadhaa kwa makusudi. Februari 2022, katika msimu mbaya, walimtoa Domantas Sabonis, aliyekuwa amecheza mechi mbili za nyota, wakampata Tyrese Haliburton, ambaye hakuwa ametimiza miaka 22. Januari 2024 walimwongeza Pascal Siakam wa Kameruni, aliyekuwa bingwa na Toronto mwaka 2019. Ndani ya miaka mitatu na miezi michache walikuwa fainalini.

Fainali hiyo ilifika mechi ya saba. Haliburton aliumia kano ya kisigino katika robo ya kwanza, na Thunder wakashinda kwa 103 kwa 91. Oklahoma City walitawazwa mabingwa. Hata hivyo, ni vigumu kudai kwamba njia ya Indiana ilishindwa ilhali iliwafikisha umbali wa mechi moja kutoka kwenye kombe.

Mambo ya kupimwa kabla ya kuamua

Kutokana na mifano hii, mambo manne yanabainika. Kwanza, ni umri wa nyota wa timu. Nyota wa miaka 23 ni sababu ya kusubiri. Nyota wa miaka 33 ni sababu ya kuamua haraka. Pili, ni umiliki wa haki za uteuzi. Brooklyn Nets walitoa haki zao kwa Boston Celtics mwaka 2013 ili wawapate Kevin Garnett na Paul Pierce, waliokuwa wamepita kilele chao. Nets walipoporomoka hadi mkia wa ligi mwaka 2017, faida iliwaendea Celtics, ambao kwa haki hizo waliwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, nguzo za ubingwa wa mwaka 2024. Kuinama bila haki zako ni kumwokotea mwingine kilicho mvunguni. Tatu, ni ustadi wa kuteua na kulea vipaji. Nne, ni subira ya mmiliki, kwani mpango wa miaka mitano hauna maana ikiwa meneja ataachishwa kazi mwaka wa tatu.

Haki ya shabiki

Lipo suala ambalo takwimu hazilimalizi. Shabiki hununua tiketi ili aone jitihada ya kweli. Wachezaji wenyewe hawaingii uwanjani kushindwa, kwa maana riziki yao hutegemea uchezaji wao. Ni viongozi wanaopanga kikosi kisichoweza kushinda. Aprili 2023 ligi iliwatoza Dallas Mavericks faini ya dola 750,000 kwa kuwapumzisha wachezaji wao mahiri ili wasiipoteze haki yao ya uteuzi. Haki hiyo iliwasaidia kumpata Dereck Lively, aliyechangia kuwafikisha fainalini mwaka 2024. Faini ililipwa, faida ikabaki. Swali la iwapo biashara hiyo ilikuwa halali kimaadili linabaki na mtoto aliyefika uwanjani jioni ile kumtazama shujaa wake, akamkuta ameketi benchini.

Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba methali mbili zilizotajwa hapo mwanzo hazipingani bali hukamilishana. Anayeinama sharti ajue kilichomo mvunguni na awe na hakika kwamba akikipata kitakuwa chake. Anayeushikilia mbachao naye sharti aukague kama ungali unakalika. Thunder waliinama kwa hesabu wakainuka. Pacers walisimama kwa hesabu wakasonga mbele. Kilichowaponza Bulls si kusimama, bali kusimama mahali pamoja huku saa ikienda. Kwa timu inayoyumba, basi, kosa kubwa kuliko yote ni kuahirisha uamuzi hadi wakati uamue kwa niaba yake.