Mkono wa Miaka 17

Mrushaji anapopanda kichuguu katikati ya uwanja wa shule huko Texas au California, nyuma ya wavu huinuka tochi kadhaa kwa pamoja, kama zile za trafiki wanaonasa madereva wa mwendo kasi. Wanaozishika ni skauti wa timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mpira ukitoka kwa kilomita 150 kwa saa, wote wanasoma namba ileile. Kazi ngumu inaanza hapo, kwa sababu kasi kila mtu ameiona.

Skauti mzoefu hufika mapema, kijana akiwa bado anapasha misuli. Anatazama bega. Anatazama kama kiwiko hushuka kila mpira wa kujipinda unapokuja, maana wapigaji wa ligi kuu wataing'amua siri hiyo mara moja. Anasubiri hadi zamu ya tano, mkono umechoka na mwenzake ameangusha mpira rahisi: kijana atanuna au atatulia? Kisha anatoa alama kwa mizani ya 20 hadi 80, ambapo 50 ni kiwango cha wastani cha ligi kuu. Anaandika alama mbili: ya leo, na ya kile anachoamini kijana atakuwa. Timu hulipa mamilioni ya dola kwa hiyo ya pili.

Jioni anaketi sebuleni na wazazi, ajue kama mtoto wao atasaini mkataba na timu au ataenda chuo kikuu.

Drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka ambamo timu huchagua vijana kwa zamu, ilianza 1965. Hadi 2025, warushaji watatu tu wa sekondari walikuwa wamechaguliwa namba moja, wote wa mkono wa kushoto, na habari zao zinauma. David Clyde alichaguliwa na Texas Rangers mwaka 1973. Wiki tatu tu baadaye, akiwa na miaka 18, alipandishwa kichuguuni mbele ya uwanja uliofurika bila kupitia ligi ndogo hata siku moja. Alimaliza na ushindi 18 na vipigo 33. Brien Taylor alipewa dola milioni 1.55 na New York Yankees mwaka 1991, kisha akaumia bega kwenye ugomvi, na ligi kuu hakuiona. Mwaka 2014 Houston Astros walimchagua Brady Aiken, lakini vipimo vikazua shaka juu ya kiwiko na mkataba ukavunjika. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji.

Clyde hasa alistahili subira. Skauti walikiona kipaji sawasawa. Waliomharakisha walikuwa wenye tiketi za kuuza.

Clayton Kershaw alipata subira hiyo. Akiwa Highland Park, Texas, aliwahi kuwatoa wapigaji wote 15 wa mechi moja bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Hata hivyo, katika drafti ya 2006 timu sita zilimpita, na tano kati yake zilichukua warushaji waliopitia vyuo. Los Angeles Dodgers walimchukua wa saba na kumlea katika ligi ndogo hadi Mei 2008. Alistaafu 2025, akiwa bado Dodgers, na wapigaji zaidi ya 3,000 aliowatoa kwa mikwaju mitatu.