Injini ndogo au kubwa? Hesabu ya mafuta kwa wenye magari Shinyanga

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

SERIKALI ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari katika bajeti ya 2017/18, wamiliki wengi walishusha pumzi. Ada hiyo ilikuwa ikitozwa kulingana na ukubwa wa injini. Hata hivyo, bajeti hiyo hiyo iliongeza ushuru wa Sh40 kwa kila lita ya mafuta, na tangu hapo mwenye injini yenye kiu hulipa zaidi kila anapofika kituoni.

Kiu hiyo hupimika. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita huhitaji lita 100 kwa safari za kilomita 1,500 kwa mwezi. Linalokwenda kilomita 10 huhitaji lita 150. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, tofauti ni Sh150,000 kwa mwezi, yaani Sh1.8 milioni kwa mwaka. Bei kikomo zenyewe hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengi kukimbilia CC ndogo, na hapo ndipo baadhi hukosea. Toyota IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuja na injini za CC 1,298 na CC 1,496. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini mjini, ile ndogo inatosha kabisa. Lakini ikipakiwa watu watano na magunia ya mchele kutoka Kahama, dereva hulazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho na kubaki katika gia nzito. Injini ikifikishwa hapo, kompyuta ya gari huiongezea petroli kupita kiwango cha kawaida, na akiba iliyotarajiwa hupotea njiani.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa magari Dar es Salaam hawana sababu ya kulitaja ni mwinuko. Mji wa Shinyanga uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo yenye nguvu za farasi 100 pwani hubakiwa na kama 90 hapa. Yenye turbo hupoteza kidogo tu kuliko hapo, au haipotezi kabisa, kwa kuwa hewa husukumwa ndani kwa nguvu.

Katika ukanda wa migodi, kuanzia Kahama hadi Geita, sura ni nyingine. Huko Land Cruiser 'mkonga' yenye injini ya dizeli ya 1HZ imejijengea heshima ya miaka mingi. Injini hiyo ina CC 4,164 na silinda sita, haina turbo, na nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 285. Injini mpya ya CC 2,755 yenye turbo, iliyowekwa katika magari ya aina hiyo hiyo, hufikisha nyutoni-mita 500. Kwa karatasi, mzee ameshindwa. Lakini 1HZ haina vifaa vingi vya umeme vinavyosumbuliwa na dizeli chafu, na fundi wa kawaida huifungua bila kompyuta. Kwa anayefanya kazi mbali na karakana, hiyo nayo ni akiba.

Vumbi la njia za machimboni halichagui injini. Chujio la hewa lililoziba huinyima injini pumzi, na dereva hufidia kwa kukanyaga zaidi.

Kwa safari ndefu kama ya Mwanza, mwendo nao una gharama yake: ukizani wa hewa kwa gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa ni karibu mara mbili ya ule wa kilomita 80. Mnunuzi anayejaribu gari afadhali alipakie mzigo anaoubeba kila siku, kisha alipeleke katika barabara anayoitumia.