Kuifufua Garratt ya Kale: Anza na Magurudumu

Kati ya mwaka 1927 na 1930, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester, kiliiundia kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish injini 33 za mvuke za aina ya Garratt. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta treni za makaa ya mawe kutoka Toton hadi Brent, London. Kufikia mwaka 1958 zote zilikuwa zimeondolewa kazini, kisha zikakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Anayetaka leo kuiona injini hiyo ikitembea mbele ya mabehewa yake hana budi kuitafuta katika modeli.

Modeli zake za zamani ziliuzwa vipande vipande kwenye sanduku, mnunuzi aunge mwenyewe. Kitmaster waliitoa kwa plastiki katika miaka yao michache ya uhai, 1959 hadi 1962. Kampuni ya Keyser, ambayo wapenzi wa modeli Uingereza huiita K's, iliitoa kwa madini meupe, yaani mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni unaomiminwa kwenye kalibu. Hizi za madini ndizo ninazozizungumzia. Bado zinapatikana minadani, nyingi zikiwa zimeungwa na mtu aliyekuwa na haraka: gundi imefurika kwenye maungio, rangi imejaa hadi misumari ya boila haionekani, magurudumu hayazunguki. Wanunuzi wengi huzipita wakitafuta sanduku ambalo halijafunguliwa, ambalo bei yake ni kubwa. Kwa maoni yangu wanakosea. Madini hayo hayaozi, na kilichoungwa vibaya kinaweza kutenganishwa.

Hadhari moja tu. Usiyachanganye madini meupe na aloi za zinki zilizotumika kwenye vichezeo vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Zinki iliyoingiwa na risasi kidogo wakati wa kumiminwa huliwa ndani kwa ndani miaka inavyopita. Huvimba, hupinda, hupasuka nyufa nyembamba, mwishowe humeguka mkononi. Ugonjwa huo hauna dawa. Ukiona nyufa za namna hiyo kwenye fremu au gurudumu, kipande hicho ni cha kubadilisha.

Kuitenganisha modeli ni kazi ya maji ya moto. Epoksi, gundi iliyotumika zaidi kwa seti hizi, hulegea ikichemshwa. Iache modeli ndani ya maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, uitoe kwa koleo, kisha uvute vipande polepole ukiwa umevaa glavu nene. Kisipoachia, kirudishe majini, kwa sababu kukilazimisha ni kukipinda. Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake, isirudi jikoni kamwe, kwani risasi ni sumu. Kwa sababu hiyohiyo tupa na msasa vitumike kwenye maji ili vumbi lisiruke, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Maji hayohayo huachanisha hata modeli iliyolehemiwa kwa lehemu ya joto la chini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Lehemu hiyo ndiyo siri ya kuunga upya. Lehemu ya kawaida ya mafundi redio huhitaji zaidi ya nyuzi 180, na ncha ya chuma cha kulehemu huwa na moto mkali kuliko huo kwa mbali. Ikigusa ukingo mwembamba wa kibanda cha dereva, ukingo unageuka tone. Tumia chuma chenye kidhibiti joto, dawa ya lehemu yenye asidi ya fosforasi, na hewa ya kutosha chumbani, maana baadhi ya lehemu hizo zina kadimiamu. Madini meupe yakikutana na shaba, ipake shaba lehemu ya kawaida kwanza. Bila hivyo lehemu ya joto la chini haishiki vizuri.

Hata hivyo, mwili wa modeli si mgumu kama watu wanavyodhani. Modeli nyingi za zamani zimewekwa kabatini kwa sababu ya kilicho chini yake. Garratt ya London, Midland and Scottish ina vitengo viwili, kila kimoja na ekseli tatu za kuendesha, na boila limening'inizwa katikati juu ya maegemeo mawili. Kwa hiyo fundi ana fremu mbili za kunyoosha.

Magurudumu ya kila upande huunganishwa kwa ufito wa chuma unaoshikwa na pini. Pini za kulia hazilingani na za kushoto: zimeachana robo mzunguko, nyuzi 90. Kama pedali za baiskeli zingepangwa kwa robo badala ya nusu, mguu mmoja ungekuwa na nguvu kila wakati mwingine unapofika mahali pasipo na nguvu. Ndivyo ilivyo hapa. Ufito wa upande mmoja ukilala sawa na mstari wa ekseli, wa upande wa pili uko juu kabisa au chini kabisa, nao ndio unaobeba kazi.

Wengi hukesha wakitafuta nyuzi 90 kamili. Kinachotakiwa hasa ni ekseli zote tatu zifanane. Zote zikiwa na nyuzi 88, injini itakwenda laini. Moja ikiwa na 90 na nyingine 86, itakwama. Magurudumu ya chapa ya Romford humwondolea fundi taabu hii, kwani ncha za ekseli zake ni za mraba na pembe hujipanga zenyewe.

Kabla ya kufunga mota, weka fremu juu ya kioo, kiinamishe, uone kama itateremka kwa uzito wake. Ikisita, toa ufito wa upande mmoja ujaribu tena, kisha ubadilishe upande. Ikisita na ufito mmoja tu, na kila mara ufito huo unapolala sawa na mstari wa ekseli, basi umbali wa matundu ya ufito haulingani na umbali wa ekseli. Panua tundu kidogo kwa tupa nyembamba ya duara. Ikiteremka vizuri kwa kila upande peke yake lakini ikakwama fito zote mbili zikirudishwa, kosa liko kwenye pembe za magurudumu. Usifunge mota kwa matumaini kwamba nguvu yake itashinda ukinzani huo. Itashinda kwa muda, kisha itaungua.

Rangi huja mwisho, nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Ila amua mapema unaionyesha injini ya mwaka gani: karibu zote 33 zilibadilishiwa tangi la makaa likawekwa la duara linalozunguka, na modeli yenye tangi la enzi moja na rangi za enzi nyingine ni kosa ambalo jicho la mjuzi halilisamehe.

Picha za zamani husaidia, lakini hazionyeshi jinsi fremu inavyojipinda chini ya boila. Kwa hilo, msomaji aliye Nairobi ana bahati kuliko wa Manchester. Kiwanda hichohicho cha Gorton kiliiundia Reli ya Afrika Mashariki Garratt 34 za daraja la 59 katika miaka ya 1955 na 1956, na namba 5918, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli. Ni kubwa zaidi na reli yake ni ya mita moja, lakini mpango wa maegemeo na vitengo viwili ni uleule. Nenda na tepu na kamera, uiname chini ya boila kabla hujawasha chuma cha kulehemu.